Kipande Safi

Jua lilikuwa linazama mpimaji wa maabara alipobisha hodi. Alikuja kukwangua lipu tu, kisha awahi nyumbani kumnyonyesha mwanawe.

Chumba kilinuka kama viatu vilivyosahauliwa ndani ya maji.

Bibi alikaa kitandani, amempakata mjukuu wake. Mtoto alikohoa kikohozi kikavu. Alikuwa mtoto wa tatu kuugua katika nyumba ile, na wapangaji walishakubaliana kwamba bibi ni mchawi. Mwenye nyumba alikuwa amempa siku nne ahame.

"Ukuta ndio mgonjwa, mwanangu," bibi alinong'ona. "Si mimi."

"Tutajua, bibi. Kuvu ina mafuta yake. Hayapo kwenye saruji, hayapo kwenye mwili wa mtu. Maabara wakiyakuta mengi, ukuta umeumbuka."

Akavaa glavu. Akaanza kukwangua, unga ukiangukia chupani.

Kru... kru... kru...

Madoa meusi yalikuwa usawa wa bega. Matano, yamepangana.

Kama vidole.

"Siku hizi mchawi anapimwa kwa chupa?"

Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yake. Mlango haukulia. Bibi akaufunika uso wa mtoto kwa khanga.

Juu ya meza kulikuwa na kipande kimoja cha lipu mpya, kilichotoka maabara kwa ajili ya kulinganishia. Mwenye nyumba akakiokota kwa mkono mtupu. Akakiminya taratibu.

"Usishike! Hicho ndicho kipande safi. Kikichafuka, vipimo vyote..."

"Hutupwa," akamalizia, akitabasamu.

Alijuaje?

Akakirudisha mezani, akanyoosha mkono kuaga. Mpimaji alikuwa ameshavua glavu, na adabu ikamshinda nguvu. Akaupokea. Kiganja kilikuwa baridi, laini, chenye unyevu. Kama mkate uliolala siku nyingi kwenye mfuko.

Siku ya tatu, mkemia wa maabara alimsukumia karatasi.

"Umechanganya chupa wewe."

"Sijachanganya."

"Basi nieleze. Ukuta una mafuta ya kuvu mengi, sawa. Lakini kipande safi kina mara tisa ya ukuta! Kimeguswa na nini?"

"Na mtu."

Mkemia akacheka. "Mtu hana mafuta haya, mama. Kanuni unaijua. Andika: haikuthibitika."

"Nitaenda kukwangua tena."

"Ukwangue nini? Mwenye nyumba kapiga simu asubuhi. Ukuta ameshaupiga lipu mpya."

Mpimaji akaandika. Jioni ile ile bibi alitolewa nje na godoro lake, watu wakimzomea mpaka barabarani.

Mpimaji alikuwa bado anafunga begi simu ilipolia. Alikuwa wifi yake.

"Wifi, mtoto anakohoa tangu alfajiri."

Akaliacha begi wazi.

"Na pale ukutani, juu ya kitanda chake... nani kapaka vile vidole vyeusi?"

Mpimaji akakumbuka. Kila akiinama kumlaza mwanawe, huegemea ukuta ule. Kwa mkono wa kulia.

Akaugeuza mkono polepole, akautazama chini ya taa. Haukuwa na doa. Safi kabisa. Akaunusa.

Viatu. Maji.

"Wifi, upo?" Sauti ya simu ikashuka, ikawa mnong'ono. "Mama anasema humu ndani kuna mchawi. Anasema usimguse mtoto."