Upande wa Nyuma wa Ghala

Maiti ilikuwa imelala chali kando ya barabara ya Mikumi, hatua chache kutoka kibao cha hifadhi. Pembeni yake palikuwa na chupa ya gongo. Chupa ilikuwa imesimama wima, haikumwagika hata tone.

"Tembo, afande," alisema askari wa hifadhi aliyeikuta alfajiri ile ya Ijumaa. "Mlevi amekanyagwa na tembo."

"Nani kasema?"

"Mwajiri wake. Alipita hapa saa kumi na mbili na Landrova, akamtambua mtu wake."

Inspekta Lazaro Chilongola wa polisi Kilosa aliitazama chupa, akaguna.

"Tembo mstaarabu huyu. Kamvunja mtu nyonga na mbavu, chupa kaikwepa."

Nyayo za tembo hazikuwepo. Alama za matairi zilikuwepo, pana, na ziligeuka palepale kurudi zilikotoka. Inspekta alipiga magoti karibu na maiti. Marehemu aliitwa Mwinshehe Lugome, fundi mwashi, umri wa miaka thelathini na minane, mkazi wa Masanze. Shati lake lilinuka gongo. Macho yalikuwa yamefumbwa vizuri kabisa, na mdomo ulikuwa umefungwa.

"Koplo Filomena, njoo utazame miguu."

Filomena aliinama. Alikuwa msichana wa maneno machache, na Inspekta alimpenda kwa hilo. "Vidole gumba vina alama ya kamba, afande. Kuna uzi wa katani umenasa kwenye ukucha."

"Na kidevuni?"

"Mstari. Kama alifungwa kitambaa mpaka utosini."

"Kafumbwa macho, kafungwa kidevu, kafungwa vidole gumba. Nani hufanyiwa hivyo?"

"Maiti anayengoja kuoshwa."

"Basi tembo huyu amelelewa," alisema Inspekta. Aliuweka ule uzi ndani ya karatasi, akaukunja.

Hospitalini Kilosa daktari hakuchukua muda mrefu. Marehemu alikuwa ameanguka kutoka juu, kama mita sita. Bandama lilikuwa limepasuka, na vidonda vilikuwa na vumbi la saruji.

"Pombe?"

"Iko kwenye shati. Tumboni hakuna."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana, na hilo ndilo linaloniudhi." Daktari alivua glavu. "Damu ilivujia ndani polepole. Aliishi saa tano hivi. Angeletwa hapa mapema ningempasua, na pengine sasa hivi angekuwa anadai uji."

Nje ya chumba cha maiti alikuwa ameketi mwanamke amejifunika kaniki. Aliinuka alipomwona Inspekta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Pole sana."

"Mimi Mwanakheri, mke wa Mwinshehe. Wameniambia kafa mlevi." Sauti yake haikutetemeka. "Miaka kumi na sita nimekaa naye, hata togwa iliyochacha alikuwa haigusi. Shehe kasema atamswalia. Lakini watu wana macho, baba, na wamekwisha kuanza kunitazama. Watoto wangu wanne wataitwa watoto wa mlevi wa tembo mpaka wazeeke."

"Unataka nini nikufanyie?"

"Azikwe na jina lake. Kwetu maiti haingojeshwi. Kwa ajili ya hilo nitamngojesha mpaka kesho alasiri, basi. Baada ya hapo wataondoka makaburini na hilo jina la ulevi midomoni, na wewe hutaweza kulirudisha."

Inspekta hakuahidi kitu. Aliingia kwenye gari, akamwambia dereva aelekee kijiji cha Ulaya, alikokuwa akifanya kazi marehemu.

Mwaka ule wa 1975 kila kijiji kilikuwa kinajengewa kitu, na kila kitu kilikuwa na mkandarasi wake. Ghala la mahindi la Ulaya lilikuwa linajengwa na Onesphory Mahimbo, mwajiri wa Mwinshehe, bwana aliyevaa Kaunda suti iliyonyooshwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Mfukoni alikuwa na kalamu tatu. Mtu huyu kazi yake yote ya maandishi ilikuwa kutia sahihi, sijui hizo mbili nyingine zilikuwa za nini.

"Karibu, Ndugu Inspekta. Msiba mkubwa! Taifa limepoteza nguvukazi."

"Naona linavyolia. Jana Mwinshehe alikuja kazini?"

"Hakuja. Alikuwa amelewa tangu Jumatano."

"Na wewe leo alfajiri ulikuwa unatafuta nini Mikumi?"

"Misumari, ndugu."

"Ulipata?"

"Maduka yalikuwa hayajafunguliwa."

"Alaa. Alfajiri maduka hufungwa. Umejifunza kitu." Inspekta aliinua macho. Ukutani mwa kibanda cha ofisi palining'inia karatasi yenye muhuri, ndani ya fremu ya kioo. "Na hiki?"

Onesphory alivimba. "Cheti cha usalama kazini. Jana mkaguzi alitoka mkoani, akakagua, akasaini. Bila hiki hupewi kazi ya umma. Sasa nimepata shule na zahanati za vijiji saba! Usalama wa mfanyakazi ndio ngao ya taifa, ndugu."

"Kimesainiwa saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri."

"Fremu imechongwa, imepigwa msasa, imepakwa vanishi na imekauka. Yote tangu jana saa tisa?"

"Mtu hujiandaa."

"Enhe. Mtu hujiandaa."

Inspekta alitoka akalizunguka ghala. Mbele, jukwaa la kujengea lilipendeza. Mbao za kizuizi, zile zinazomzuia fundi asianguke, zilikuwa safu mbili, zimepakwa rangi nyeupe. Mafundi sita walivaa kofia ngumu. Wengine kumi na wawili hawakuwa nazo, na hao walikuwa wamepangwa upande wa nyuma, ambako inaonekana Onesphory aliamini watu hawana vichwa.

Nyuma hapakuwa na ubao hata mmoja wa kizuizi. Palikuwa na nguzo tupu zenye matundu ya misumari iliyong'olewa juzijuzi, shimo la kuchomea chokaa, na chini ya jukwaa mchanga mpya uliosawazishwa. Watu walikuwa juu wanaendelea kujenga.

"Filomena, chukua koleo."

Chini ya mchanga udongo ulikuwa mweusi, umeshikana, na inzi waliufahamu kabla ya polisi.

"Teremkeni wote," Inspekta aliwapigia kelele mafundi. "Sasa hivi! Kazi imefungwa."

Waliteremka. Hakuna aliyemtazama usoni. Inspekta alielewa kwamba hapo hatapata shahidi, maana kila mmoja alikuwa anaitazama kazi yake ya kesho. Alikwenda kwa mama muuza vitumbua barabarani, akanunua viwili.

"Mama, hapa kijijini akifariki mwanamume, anaoshwa na nani?"

"Mzee Kibwana. Nani mwingine? Yule mnyapara wa hao wajenzi."

Jioni ile Onesphory na mzee Kibwana walipandishwa gari la polisi. Mkaguzi naye alikutwa Kilosa kwenye nyumba ya wageni, akingoja treni.

Jumamosi asubuhi Inspekta alianza na mkaguzi. Jina lake Lupakisyo, mtu mnene mwenye mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba mihuri miwili.

"Soma ulichoandika."

"'Nimekagua jukwaa pande zote nne na kuridhika.'"

"Hapa kuna karatasi na penseli. Nichoree upande wa nyuma."

Lupakisyo alichora. Alichora vizuri, na nguzo zilizonyooka na vizuizi safu mbili.

"Shimo la chokaa liko wapi?"

"Shimo gani?"

"Lina upana wa kitanda na liko njiani. Mtu anayepita nyuma ya lile ghala ama atalikwepa ama atatumbukia. Wewe umefanya lipi?"

Penseli ilisimama. "Jua lilikuwa kali, afande. Na chakula kilikuwa tayari."

"Kuku wangapi?"

"Jamani, afande..."

"Wangapi?"

"Wawili."

"Mlikula wapi?"

"Kibandani, karibu na stoo ya saruji."

"Mkasikia nini kutoka stoo?"

Lupakisyo alitazama viatu vyake. "Kulikuwa na mtu anasemasema. Ndugu Onesphory akasema ni kibarua ana malaria, anaweweseka."

"Na wewe, unayelipwa na wananchi kuwalinda wafanyakazi, ukafanya nini?"

Mkaguzi alijifuta midomo kwa kiganja.

"Niliomba chumvi."

Inspekta alimtazama jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga. "Mwondoe, Filomena. Na mihuri yake uiweke kwenye vielelezo."

Mzee Kibwana aliingia kofia mkononi. Alikuwa amevuka miaka sitini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Inspekta alifungua karatasi, akauweka uzi wa katani mezani. "Sikuulizi nani alimuua. Nakuuliza nani alimfunga vidole."

Mzee aliutazama uzi.

"Ningemwachaje na miguu imepanuka?" alisema. "Naosha maiti tangu nina miaka ishirini. Kata roho mbele yangu, nitakufumba macho. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Halafu ukamfungua, ukamtupa barabarani na chupa ya gongo ubavuni. Hapo nako mkono ulikwenda wenyewe?"

Mzee alilia kwa sauti. Inspekta alimwacha alie, hakumpa pole, kwa sababu pole alikuwa amempa Mwanakheri na haikubaki ya kugawa.

"Aliniamuru," alisema Kibwana hatimaye. "Alisema aliyeng'oa vizuizi ni mimi, kwa hiyo nitanyongwa mimi."

"Uliving'oa kwa nini?"

"Mbao hazikutosha pande mbili. Akasema hamisheni za nyuma zije mbele, mkaguzi haendi nyuma. Mwinshehe hakuwa na habari, alikuwa chini anachanganya saruji. Saa tano akapanda, akaweka mgongo pale anapoegemea kila siku. Hapakuwa na ubao."

"Ndiyo yale matundu ya misumari," Inspekta alijisemea. Kisha kwa sauti: "Landrova ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, na mafuta imejaa. Nilimwambia, bosi, tumpeleke Kilosa. Akasema tumfiche stoo. Alikata roho saa kumi, mkaguzi ndiyo kwanza anaondoka."

Mwisho akaletwa Onesphory. Suti ilikuwa imelala sero na mikunjo imepotea.

"Misumari ya Mikumi," alisema Inspekta. "Tuanze hapo?"

"Ndugu Inspekta, kuna watu wanayaonea kijicho maendeleo yangu."

"Damu iko chini ya mchanga wako. Mkaguzi kataja stoo. Kibwana kataja Landrova. Daktari kataja saa tano. Umebaki wewe kutaja sababu."

Onesphory alivuta kiti. Alijaribu kukaa kama mwenye ofisi.

"Ilikuwa ajali. Ajali ni kazi ya Mungu."

"Kuanguka, labda tutabishana. Na saa tano za stoo ni kazi ya nani?"

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Ghafla akawaka. "Mwaka mzima nakitafuta kile cheti! Mkaguzi yuko njiani, anakuja aone Landrova inatoka na mtu anavuja damu? Angesaini? Vijiji saba, ndugu! Shule, zahanati! Mtu mmoja kwa vijiji saba!"

"Kwa hiyo ulimwacha afe."

"Nilingoja tu! Mkaguzi ale, asaini, aondoke, halafu nimpeleke mgonjwa Kilosa. Nilijuaje kama atakufa? Alikuwa na nguvu, alikuwa anaongea."

"Alikuwa anasema nini?"

Onesphory alifumba mdomo. Yaliyobaki yote alikuwa ameyatema bila kusukumwa, lakini hili lilimkwama.

"Nimekuuliza."

"Maneno ya mgonjwa. Sikumbuki."

"Mlete Kibwana."

Mzee alisimama mlangoni. Hakumtazama bosi wake.

"Mzee, Mwinshehe alikuwa anasema nini kule stoo?"

"Alikuwa anasema, 'Washusheni wenzangu. Nyuma hakuna kizuizi, washusheni.' Hilo hilo mpaka sauti ikakatika. Nikaja nikamwambia bosi."

"Naye?"

"Akasema wote wakae juu, mkaguzi aone kazi inakwenda."

Onesphory alikuwa anaangalia ukuta. Inspekta aliandika kila neno, akamgeuzia karatasi, akampa kalamu moja kati ya zile tatu.

"Saini. Hii ndiyo kazi unayoiweza."

Onesphory alisaini. Mashtaka yalikuwa kuua bila kukusudia na kuharibu ushahidi. Kibwana na Lupakisyo nao wangekutana na hakimu, kila mmoja kwa sehemu yake.

Masanze walikuwa wamekwisha kusimama safu jeneza lilipowekwa chini. Inspekta, Mkristo wa watu, alivua kofia akasimama pembeni mpaka shehe alipompa ishara. Hakuwa msemaji wa mikutano.

"Marehemu hakuwa mlevi," alisema kwa sauti ya kuwafikia wa nyuma kabisa. "Gongo alimwagiwa akiwa maiti. Alianguka kazini kwa sababu bosi wake aling'oa mbao za usalama akazipeleka mbele zikakaguliwe. Akafichwa stoo mpaka cheti cha usalama kisainiwe. Aliyefanya hayo amekiri, na yuko sero."

Watu walinong'ona. Wapo waliokuwa wamemtazama Mwanakheri kwa jicho lile tangu jana, na hao sasa walikuwa wanatazama vidole vyao vya miguu.

Mwanakheri alikuwa mlangoni pa nyumba, na wanawake wamemzunguka. Inspekta alimfuata mpaka pale.

"Baba," aliuliza, "hizo saa tano aliniita?"

Inspekta angeweza kumdanganya kwa wema. Alimtazama, akaona si mtu wa kudanganywa.

"Hapana, mama. Alikuwa anaomba wenzake washushwe jukwaani wasije wakaanguka kama yeye. Aliomba hivyo mpaka mwisho."

Mwanakheri alishika mwimo wa mlango. Machozi ambayo hayakutoka hospitalini yakatoka sasa, na akayaacha yatiririke bila kuyafuta.

"Ndiye," alisema. Kisha akawapazia sauti wanaume waliokuwa wanangoja na jeneza: "Ndiye mume wangu huyo! Mchukueni, mkamzike."