Matabaka Arobaini na Moja

Picha ya bibi mlinzi, iliyochorwa kwenye kompyuta, ilikuwa na matabaka arobaini na moja. Sasa lilibaki moja, na aliyeyamaliza mengine ni mwanamume aliyemwita mwanamke aliyeichora "mpenzi" mara kumi kwa siku.

Mchoraji alibofya tena na tena, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Akachukua simu.

"Fundi, umefanya nini kwenye kompyuta yangu?"

"Nimeisafisha, kipenzi. Si ulilalamika inajikokota? Faili lako lilikuwa zito kama gunia la saruji. Nikayabana matabaka yote yakawa moja. Picha ni ileile, hata ukucha haujapotea."

"Nani alikutuma?"

"Lakini yalikuwa takataka! Moja lilikuwa na sikio tu."

"Sikio hilo nimelichora siku mbili!"

Nyuma ya Fundi, wateja walisikika wakibishana juu ya chaja.

"Nakala ya zamani iko wapi?" mchoraji akauliza.

"Niliifuta. Isikuchanganye."

Akamkatia simu.

Walikutana miezi minane nyuma, kwenye jengo la maduka ya simu, mchana wa msongamano. Yeye alikuwa na gauni la njano, kompyuta ameikumbatia kama mtoto mwenye homa. Fundi alikuwa na shati la bluu lililopigwa pasi vizuri na bisibisi nyuma ya sikio.

"Mgonjwa ana miaka mingapi?"

"Mitano."

"Anakula?"

"Anakula umeme tu, kazi hafanyi."

"Basi huyo ni mume, si kompyuta," Fundi akasema, na mchoraji akacheka mpaka foleni nzima ikageuka.

Leo hakuwa na cha kucheka. Kampuni ya gemu anayoichorea ilikuwa inatafuta mchoraji mkuu, na picha ya bibi mlinzi ndiyo ingeamua. Sharti lilikuwa moja: akili mnemba iruhusiwe kwa mandhari, lakini mhusika achorwe kwa mkono, na matabaka yawe ushahidi.

Hakuwa na ugomvi na mashine hiyo. Aliiandikia maneno machache, ikampa ukuta wa mawe, moshi na mwanga wa asubuhi kwa dakika moja. Ila alipoomba bibi kizee, ilimletea msichana mwenye mvi. Alipoomba makunyanzi, ikampa nyufa za ukuta. Mkono ulioshika mkuki ulikuwa na vidole sita. Basi akauacha ukuta, akamfuta msichana, akamchora bibi mwenyewe kwa kalamu ya kompyuta: jicho tabaka lake, kidole tabaka lake, kama karatasi nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine. Wiki tano.

Kesho yake meneja wa kampuni aliikuza picha kwa projekta mpaka jicho likajaa ukutani.

"Umechora wewe?"

"Mimi."

"Naona tabaka moja."

"Yalibanwa kwa bahati mbaya."

"Siku hizi kila mtu ana bahati mbaya." Meneja akavua miwani. "Ijumaa. Niletee uso mwingine, wenye matabaka."

Jioni Fundi alikuja mlangoni, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Nimetafuta siku nzima njia ya kuyarudisha. Hayarudi. Sikujua, mpenzi."

"Hukuuliza."

"Nilitaka kukufurahisha."

"Kwa hiyo ukaniingilia kazi yangu na kuamua lipi takataka? Hata mashine inasubiri niiambie!"

Hilo lilimchoma. Akainamisha kichwa.

"Nikusaidie nini?"

"Kaa pale. Usiguse kitu."

Fundi akafunga duka, akakaa siku nne kwenye kigoda. Alimwona akichora kope, akifuta, akitukana, akichora tena. Siku ya tatu akapata ujasiri.

"Mbona unarudia? Ule uso wa kwanza si ulikuwa umetoka vizuri?"

"Ndiyo shida yenyewe. Ulitoka vizuri. Sasa najinakili mwenyewe, na mkono unakataa."

Fundi akamletea maji, akayaweka mbali na kompyuta.

Ijumaa mchoraji alipeleka matabaka thelathini na saba. Meneja aliyafungua moja moja, akatikisa kichwa kukubali.

"Ni mkono wako, kweli. Nisamehe. Uso utaingia kwenye gemu. Lakini nilidhani hutarudi, nafasi nikaijaza Jumatano."

Fundi alikuwa anamngoja kwenye ngazi. Akaambiwa. Hakujitetea.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza. Angalau leo unauliza."

"Utakubali nikuoe?"

Mchoraji alimtazama sana. Alimpenda, na hilo lilimuudhi.

"Niulize tena baada ya mwezi. Leo nikikujibu, nitakutukana."

"Mwezi," akasema Fundi. "Sawa."

Wakashuka pamoja bila kushikana mikono, kwa sababu wa mchoraji ulikuwa umevimba.

Usafi ule wa Fundi ulimgharimu mchoraji siku nne, kifundo cha mkono na cheo. Na uso alioupeleka haukuufikia ule wa kwanza. Ule upo bado kwenye kompyuta, mzima, umebanwa, hauendi popote.