Mzinga Uliobaki Macho Mtoni Tiva

Vumbi liliwafikia kabla ya saa tatu asubuhi. Lilitoka upande wa Yatta, jekundu, refu kama ukuta, na Kipanga kiliingia ndani yake kikienda mbio kupita kiasi. Fundi Sugow Gabow alikuwa amepiga magoti kando ya injini, akisikiliza beringi iliyolalamika tangu Ikutha, aliposikia Luteni Muli akisema kwa sauti ya kawaida tu, "Siuoni mto."

Papo hapo wakaugonga mwamba.

Kipanga kilikuwa chombo cha jeshi la majini, hovakrafti ya kwanza ya aina yake. Kilielea juu ya hewa iliyosukumwa na mafeni makubwa na kuzuiliwa na sketi ya mpira, kikapita juu ya maji na nchi kavu bila kugusa chini. Kazi yake ilikuwa kusindikiza meli za kivita na kuzikinga na ndege. Mgongoni kilibeba mzinga wa mitutu minne na rada iliyojua kutafuta, kulenga na kufyatua bila mkono wa mtu. Mwaka huo wa 1989 wakubwa waliona kwamba baharini kuna macho mengi mno. Wakaamua kukijaribu mahali ambapo hakuna mtu angetarajia kukiona: juu ya mchanga mkavu wa mto Tiva, kusini mwa Kitui, mwezi wa Agosti.

Vumbi lilipotulia, chombo kilikuwa kimelala upande, sketi imechanika kama gunia. Feni moja haikuwepo. Pipa la maji lilikuwa limepasuka na mchanga ulishakunywa yote. Kibanda cha mpiga mzinga kilikuwa kimepondwa, na ndani yake Ndululu alikuwa ameketi akiangalia paja lake, ambamo kipande cha chuma kilikuwa kimeingia na kutoka.

Walimtoa, wakafunga jeraha kwa shati la Sugow. Juu ya vichwa vyao mzinga ukalia kidogo, ukageuka. Tai alikuwa akizunguka angani, na mitutu minne ilimfuata taratibu, kisha ikamwacha.

"Ni mdogo," Ndululu alisema, meno ameyakaza. "Hautaki ndege wa nyama."

Sugow aliinuka. Asubuhi ile waliuwasha mzinga ujiendeshe wenyewe kwa ajili ya jaribio, na swichi zote zilikuwa kwenye kibanda kilichopondeka. "Afande, niruhusu nikate waya wa betri. Mlango wake bado unafikika, ule wa chini kushoto."

"Redio inatumia betri hiyo hiyo?"

"Ndiyo, afande."

"Basi acha. Kwanza tuite watu."

Muli aliita kwa saa nzima. Antena ilikuwa imekatika. Sauti za watu ziliingia, yake haikutoka. Alipokuwa bado anaita, ukingo wa mchanga uliporomoka chini yao. Kipanga kikajigeuza kwa mguno mrefu, kikalalia ubavu wa kushoto. Mlango wa betri ukazikwa.

Alasiri redio ikakohoa, wakasikia sauti waliyoijua. Ilikuwa ya rubani Salim, mtu wa Mwingi, aliyekunywa nao chai siku mbili zilizopita. Alikuwa akimwambia mtu kambini kwamba kesho saa mbili asubuhi angefuata mto kutoka juu, ajue wamekwama wapi.

Muli alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Salim, usije. Unanisikia? Usije."

Salim aliaga mwenzake, akafunga.

"Mzinga huiuliza ndege wewe ni nani," Ndululu alieleza bila kuulizwa. "Isipojibu, unahesabu hadi tatu, kisha unafyatua. Na Salim hatalisikia swali, maana hutoka kwa antena ile ile iliyokatika."

Walikuwa na beleshi moja. Muli alilichukua akaanza kuchimba chini ya ubavu, lakini mchanga ulirudi kila alipoutoa. Alikuwa mtu wa Nunguni, kwenye ukungu na mashamba ya kijani. Kiu kwake ilikuwa kitu cha kumaliza kwa kikombe. Baada ya nusu saa midomo yake ilikuwa myeupe.

"Afande, nipe beleshi nikatafute maji," Sugow alisema.

"Na ndege je?"

"Tukichimba bila maji, kesho hatutakuwa na mikono ya kukata waya. Na Ndululu hatafika asubuhi."

Muli aliacha kuchimba. Asubuhi alikuwa amemkatalia neno moja, na sasa wote watatu walikuwa wamekaa juu ya neno hilo. Akampa beleshi, akaenda kung'oa kipande cha bati achimbie.

Sugow alishuka mtoni na beleshi na sufuria. Huko Nuu alikokulia, mama yake Abdiya alimfunza kuutafuta mto uliokufa: nenda kwenye kona, upande wa nje, jiwe linapoingia mchangani. Kona ya kwanza ilikuwa kavu hata alipochimba hadi kwapani. Ya pili vilevile. Ulimi ulikuwa umevimba na hakuacha kugeuka nyuma, akidhani amesikia injini. Kwenye kona ya tatu alikuta shimo la ndovu, kinyesi chake kikiwa bado hakijakauka. Akaingia humo akachimba. Mchanga ukawa baridi, ukawa mweusi, kisha ukaanza kutoa jasho. Alingoja tone kwa tone, akisimama, akikaa, akisimama tena, hadi akapata nusu sufuria ya maji yenye rangi ya chai.

Hakunywa mpaka alipofika. Ndululu alipata kwanza.

Walichimba hadi giza likawazuia, wakaanza tena kulipopambazuka. Sasa mlango ulionekana nchani mwa handaki jembamba lisilotosha mabega mawili. Sugow aliingia kwa tumbo, koleo la kukatia waya likiwa limebanwa menoni. Chuma kilimlalia mgongoni. Kila alipopumua, mchanga ulimwagika shingoni.

Ndipo juu yake mzinga ukalia.

"Salim amewahi," sauti ya Ndululu ilisema kutoka nje. "Fundi, amewahi."

Sugow hakuisikia ndege. Alisikia mzinga ukigeuka, halafu miguu ya Muli ikipanda bodi, halafu sauti ya chuma kikisaga chuma. Muli alikuwa amelichomeka beleshi kwenye meno ya gurudumu linalougeuza mzinga, na sasa alikuwa amelilalia kwa uzito wake wote. Mzinga ulitetemeka, ukakwama, ukalipinda beleshi.

"Kata," Muli alisema. Hakupiga kelele.

Mlango ulifunguka kiasi cha kiganja. Sugow aliingiza mkono, akapapasa, akaukuta waya mnene kama kidole gumba. Alipobana koleo, mzinga ulifyatua. Dunia yote iliruka. Akabana tena kwa nguvu zote, mwanga wa buluu ukapasuka mbele ya macho yake, na kilichofuata kilikuwa kimya na harufu ya nyama iliyoungua.

Walimvuta kwa miguu. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi. Mbali angani risasi zilikuwa zimeacha vijiwingu vinne upande wa kushoto wa ndege ndogo nyeupe. Ndege ilikuwa imeinama karibu kugusa miti, ikigeuka, ikikimbia.

Waliitazama mpaka ikapotea. Walikuwa wamemwokoa mtu, na mtu huyo alikuwa ameondoka na njia yao ya kutoka.

Sugow hakuweza kutulia. Alitembea kutoka kwenye chombo hadi kwenye shimo la maji, akarudi, akaenda tena, mkono ameuinua. Ilikuwa katika safari ya tano alipoona ngamia watatu wakiteremka ukingoni, na mbele yao mwanamke wa makamo aliyeshika fimbo.

"Tumesikia bunduki," alisema kwa Kisomali. "Tulidhani ni majangili. Nyinyi ni majangili, mwanangu?"

"Hapana, mama. Tuna mgonjwa."

Jina lake lilikuwa Ebla. Alimpa maziwa, akaukagua mkono bila kuuliza umefanya nini, kisha akamlaza ngamia mmoja ili Ndululu apandishwe. Walitembea hadi Mutha siku hiyo na nusu ya iliyofuata.

Salim aliwakuta kwenye zahanati. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, uso umekauka. "Nataka kujua nani alinipiga."

Sugow alifungua mdomo kusema ni mashine, lakini Muli aliwahi.

"Ni mimi. Fundi aliomba kuuzima mzinga jana yake asubuhi, nikamkatalia. Hivyo ndivyo nitakavyoandika."

Salim alivuta stuli, akaketi katikati ya vitanda. "Niliona mtu juu ya mzinga," alisema hatimaye. "Nikasema, nikimjua yule sitamsamehe."

"Alikuwa ameuzuia," Ndululu alisema kutoka kitandani. "Tazama mikono yake."

Muli aliificha mikono iliyochanwa na beleshi, lakini Salim alikuwa ameshaona.

Muli alivuliwa cheo mwaka huo. Kipanga kilikatwa vipande na hakuna kingine kilichoundwa. Sugow aliacha jeshi, akarudi Nuu kutengeneza pampu za visima kwa vidole vitatu na mkono mmoja mzima. Watu walimsifu kwa kazi yake na kumzoea kwa tabia moja tu: ndege ikipita juu, hata kama injini imefunguliwa nusu na wateja wanangoja, alitoka nje, akasimama katikati ya uwanja, na hakurudi ndani mpaka sauti yake iishe kabisa.