Fagio la Umeme na Nyasi za Ma Kokushubila

Jumamosi hiyo watu walijazana mbele ya duka la Mhindi mmoja kule mjini, wakimtazama kijana akimwaga majivu juu ya zulia jekundu. Wasiomjua waliguna. Zulia zuri namna ile, mtu anaanzaje kulimwagia majivu? Kijana mwenyewe hakuwa na habari. Alivaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi ikanyooka, shati jeupe na tai iliyokuwa fupi kidogo. Alibonyeza kitufe, mashine ikanguruma chini ya picha ya malkia wa Waingereza, akaipitisha mara moja tu. Majivu hayakuonekana tena.

"Fagio la umeme," mzee mmoja alisema, akatikisa kichwa na kwenda zake.

"Yamekwenda wapi?" sauti ya kike iliuliza.

Watu wakapisha. Akatokea msichana mwenye gauni la maua ya njano, kiuno kimebanwa vizuri, na miguuni viatu vya kamba vilivyopakwa rangi nyeupe asubuhi ile ile. Hakuwa akimtazama kijana. Alikuwa akiitazama mashine.

"Yamo ndani, dada."

"Ndani wapi? Fungua nione."

Katika miezi yote ambayo Albano alikuwa akimwaga majivu dukani pale, hakuna aliyewahi kumwambia afungue. Alifungua. Akautoa mfuko wa kitambaa, msichana akachungulia, akanusa, akapiga chafya. Watu walicheka. Na Albano, maskini ya Mungu, alipenda pale pale, mbele ya kadamnasi. Mie nasema pale pale kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Wengine hupenda polepole, huyu alipendea chafya.

"Afya," alimwambia. "Unataka kununua?"

"Nataka kujua kwanza. Nafundisha ushonaji kwa masista. Darasa langu nyuzi zimejaa sakafuni, ukifagia zinashika fagio. Hii inafyonza nyuzi?"

"Inafyonza. Ila pini uziokote kwanza, zitatoboa mfuko. Na mimi simuuzii mtu mashine kabla sijamuuliza nyumba yake. Sakafu ya nini? Kuna zulia, mkeka au saruji tupu? Umeme upo? Na nani ataisukuma? Maana hii ya mtungi unaivuta tu nyuma yako, lakini ile ya kusimama inataka mtu aliyeshiba."

"Na mie unanionaje, nimeshiba?"

"Naona inakufaa ya mtungi."

"Na asiye na umeme, huyo afe na vumbi lake?"

"Ipo ya mkono, ina brashi chini. Unasukuma, inakula. Kila nyumba ina yake, dada. Kosa la watu ni kununua kwa macho." Akaurudisha mfuko mahali pake. "Naitwa Albano. Kwetu Songea, nakaa Temeke."

"Demetria. Kinondoni, kwa mama yangu. Na usiniite dada, mie si dada yako."

Masista walinunua ya mtungi. Ndani ya wiki hiyo hiyo simu ya dukani ikaanza kulia, Demetria akipiga toka kwa masista, na baada ya wiki chache ikawa inalia kila siku.

"Bwana wa mavumbi, hujambo?"

"Sijambo, mwalimu. Mashine imeharibika?"

"Haijaharibika. Nauliza tu, mfuko ukijaa nitajuaje?"

"Itaanza kunguruma kwa uchovu."

"Basi na mie nanguruma. Leo umekaa kimya tangu asubuhi."

"Mpenzi, tajiri wangu yuko hapa karibu."

"Mwambie ni mteja."

"Ndiyo, bibie," Albano alisema kwa sauti kubwa ili tajiri asikie, "nitakuja kuikagua Jumamosi saa kumi, nje ya kanisa."

Wakawa wanaikagua mashine hiyo kila Jumamosi, na haikuwahi kupona.

Lakini mapenzi ya simu hayapeleki mtu mbali. Mjomba wake Demetria alishaandika toka Bukoba kwamba kuna kijana wa kwao, Kamugisha, karani, mtu wa heshima, anatafuta mke. Mama mtu, Ma Kokushubila, mjane aliyelea binti yake kwa kuuza ndizi za kupika, hakuwa mtu wa kukurupuka. Alimwambia binti yake maneno machache. "Huyo wako mlete nimwone Jumapili. Nikimwona ana adabu, nitamjibu kaka yangu kwamba umeshapata. Nikimwona hana, Kamugisha aje."

Jumapili hiyo Albano alifika Kinondoni kabla ya saa aliyoambiwa. Alivaa koti. Nyuma ya baiskeli alifunga mashine ya mkono aliyoiazima dukani, maana alijua mtaa ule hauna umeme, na alitaka mama mkwe aone kazi yake. Demetria alikuwa ametumwa sukari. Ma Kokushubila alikuwa uani anapika, akapaza sauti bila kutoka: "Karibu, mwanangu, pita ndani ukae, naja."

Akapita. Sebule nzima, toka mlangoni mpaka ukutani, ilikuwa imejaa nyasi.

Nyasi kavu, laini, zimetapakaa juu ya saruji. Albano alisimama akaziangalia. Kwa hesabu yake, godoro la nyasi lilikuwa limepasuka, na mama wa watu hakuwahi kufagia. Akamwonea huruma. Akasema moyoni, hapa ndipo pa kumsitiri mtu. Akavua koti, akaingiza mashine. Brashi ilimeza nyasi kidogo ikakwama. Basi akapiga magoti, akazikusanya kwa mikono, akazitupa nje kwa mlango wa mbele fungu kwa fungu, kisha akapitisha mashine juu ya saruji mpaka ikang'aa. Jasho lilimtoka, na moyoni alijisifu.

Ma Kokushubila aliingia na kisahani cha kahawa za kutafuna, zile buni zilizochemshwa ambazo kwao Bukoba hukaribishiwa mgeni. Akasimama. Akatazama sakafu, akatazama mlango, akamtazama kijana aliyekuwa akitabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliweka kisahani mezani polepole. "Nyasi zangu ziko wapi?"

"Nimekusaidia kuzitoa, mama."

Demetria alitokea mlangoni na sukari mkononi. Huko nje alikuwa ameshaona kuku wanachakura lile fungu.

"Albano. Umefanya nini?"

"Nilidhani godoro limepasuka."

"Godoro," alirudia Demetria. Machozi yalimlenga. "Hizo kwetu ndizo zulia. Mama amezikata mwenyewe Mikocheni, akazianika, akazitandika kwa ajili yako. Mgeni wa heshima hutandikiwa mpya. Unajua nilivyochekwa shuleni kwa nyasi hizi? Waliniita mtoto wa zizini. Sikujua na wewe ni mmoja wao."

"Demetria, mpenzi, mie sikujua."

"Hukuuliza. Kila anayeingia dukani kwenu unamuuliza sakafu yake. Mie umenijua siku zote hizi, hujaniuliza hata mara moja."

Ma Kokushubila hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, zilikuwa za kukukaribisha. Umejitoa mwenyewe." Kisha akarudi uani kwenye sufuria yake.

Wahenga walisema mganga hajigangi, na hapo walimsema Albano.

Wiki zilizofuata Albano alipiga simu kwa masista, mara ya kwanza akaambiwa mwalimu yuko darasani. Ya pili, yuko kanisani. Ya tatu Demetria akapokea mwenyewe.

"Nisamehe, laazizi."

"Nimekusamehe. Lakini mama alimwandikia mjomba, naye keshafika mjini. Jumapili hii wanakuja na Kamugisha."

"Na wewe unamtaka?"

"Mie nilikutaka wewe," Demetria alisema, akakata.

Albano aliumia, wala tusifiche, alilia stoo katikati ya maboksi. Lakini baada ya kulia likamjia swali moja dogo, likakataa kutoka. Nyasi zile zilikuwa na harufu nzuri. Ni nyasi gani hasa? Mbona hazikumchoma alipopiga magoti juu yake? Aliuza mafagio ya umeme ya kila aina na hajawahi kuona sakafu iliyo laini vile.

Ijumaa aliomba ruhusa, akaenda Mikocheni kwa baiskeli. Akakata mzigo mkubwa wa nyasi, akaupeleka Kinondoni, akabisha hodi uani.

Ma Kokushubila alichomoa unyasi mmoja, akaupitisha kwenye kiganja, halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Waitu! Jamani, hizi za kuezekea banda. Ukimkalisha mtu hapa atainuka na vipele."

"Ndiyo maana nimekuja, mama. Nifundishe. Zipi zinafaa?"

"Za nini? Una mgeni?"

"Wewe ndiye una mgeni Jumapili." Akausukuma kando ule mzigo wa banda. "Zile ulizozikata nilizitupa. Si haki ukate tena kwa mgongo wako. Nitakukatia mimi, hata kama anayekuja ni Kamugisha."

Mama akachukua mundu wake, akajifunga kanga kiunoni. "Twende."

Njia nzima Albano aliuliza. Kwa nini hizi na si zile? Kwa sababu hizi ni laini na hazina miiba. Zinaanikwa kivulini au juani? Juani, ila usiziache zikavunjika. Zikichakaa? Unatoa, unatandika nyingine, ndiyo maana vumbi haliamki. Ma Kokushubila alijibu yote, na kila alipojibu sauti yake ilipungua ukali. Toka aje pwani, hakuna aliyewahi kumuuliza habari za nyasi zake isipokuwa kwa kucheka.

Jumapili Albano alirudi mapema kuzitandika. Hakuvaa koti, kwani hakuwa mgeni. Alianza ukutani akirudi nyuma kuelekea mlangoni kama alivyofundishwa, akizilaza zote upande mmoja. Demetria alisimama kwenye mlango wa uani, na gauni lake la njano, mikono kifuani. Kazi ilipoisha Albano alijikuta nje ya kizingiti. Akapangusa magoti, akaishika baiskeli yake.

"Unakwenda wapi?" Ma Kokushubila aliuliza.

"Wageni watafika, mama."

"Wageni gani? Kaka yangu nilimpelekea salamu tangu juzi, nikamwambia Kamugisha atafute kwingine." Akatoka na kile kisahani cha kahawa. "Nawa miguu, uingie. Nyasi ni zako."

Albano aliegesha baiskeli, ikaanguka, akaiacha hapo hapo. Akanawa, akaingia, akakaa kwenye nyasi alizozikata mwenyewe. Demetria akaja akakaa mbele yake, magoti yamefunikwa vizuri.

"Sasa niulize," alimwambia.

"Nikuulize nini?"

"Lile swali lako la dukani."

Albano aliangalia chini, akaangalia juu. "Nyumba yetu, Demetria, itakuwa na sakafu gani?"

"Sebuleni nyasi. Chumba cha kushonea saruji, na mashine ya mtungi kwa nyuzi zangu."

"Na umeme?"

"Utakuja siku utakapokuja. Tutausubiri wote."

Ma Kokushubila akasogeza kisahani kati yao. Albano akatia buni moja mdomoni, akaitafuna pamoja na ganda lake, akakunja uso, akauliza kama ganda nalo huliwa.