Karibu Bila Kugeuka

Nilifika duka la vifaa jua linazama, na muuzaji alikuwa ameshashusha nusu ya mlango wa bati. Nikainama, nikaomba bolti. Akanipa ndefu mno. Nikarudisha, akanipa fupi mno. Tukazozana mpaka akaniuliza hizo bolti ni za kitanda au za geti.

"Za boti," nikasema.

Akacheka. Kila mtu alikuwa ananicheka siku zile.

Boti yenyewe ilikuwa sebuleni kwangu. Ndiyo, sebuleni. Gereji hatuna, na uani mvua ingelowesha mbao. Makochi niliyasukumia kwenye korido, televisheni ikahamia jikoni, na katikati ya chumba nikailaza boti juu ya stuli fupi, kifudifudi, maana boti ndogo ya makasia huundwa hivyo, kitako kikiwa juu. Mchoro niliuchora mwenyewe. Ninunue mchoro wa nini na rula ninayo? Matokeo yake ubavu wa kushoto ukatoka mnene kuliko wa kulia, na upana wa boti ukazidi upana wa mlango. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alipoiona alikaa chini kwa kucheka. Akauliza kama tutapiga makasia kati ya kabati na dirisha.

Niliichukia boti ile. Lakini nilishamwahidi mke wangu. Alikulia kando ya ziwa, na tangu tuoane alitamani Jumapili moja tu tukae majini, mimi na yeye, bila simu. Badala yake nikamnyang'anya sebule yake, nikawa mkali, natukana misumari, namjibu kwa mkato. Akaanza kunyamaza. Akitaka kupita kwenda chumbani alisimama mlangoni na kusema kwa kejeli, "Hodi kwa fundi!" Mtu anapiga hodi nyumbani kwake mwenyewe! Nami hujibu "karibu" bila kuinua kichwa, ndipo apite. Huo ndio utani pekee uliokuwa umebaki kati yetu. Niliogopa kwamba na huo ukiisha, mke wangu ataondoka.

Jioni ile alinipokea mfuko wa bolti mlangoni.

"Lete nikusaidie," akasema. "Tumalize tuishi kama watu."

Kazi iliyobaki ilikuwa kufunga mkuku, ule ubao mrefu unaopita katikati ya kitako cha boti. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anazungusha bolti kwa juu, na mwingine lazima alale chini ya boti, gizani, aishike nati kwa spana isizunguke. Mke wangu akavua ndala, akajibana kwenye upenyo wa chini, akapotelea ndani.

"Shika!"

"Nimeshika."

Bolti ikazunguka bure.

"Umeshika au unapapasa?"

"Nimeshika, usinifokee. Humu kuna joto."

Tukaendelea. Moja inakaza, mbili zinateleza. Jasho likaniingia machoni, gundi ikanikaukia vidoleni. Nje giza lilikuwa linaingia, na balbu ikaanza kufifia na kurudi. Nikabana bolti ya mwisho kwa midomo, nikawa natafuta tundu lake kwa kidole.

"Hodi kwa fundi."

"Karibu," nikasema.

Bila kugeuka. Mdomo ulijibu wenyewe, kama kila siku.

Mlango ukafunguka. Ikaingia harufu ya tope bichi, harufu ya mahali ambapo maji yametoka sasa hivi. Chini ya boti, spana ikaacha kugonga.

"Mume wangu..." Ilikuwa sauti ya mke wangu, kutoka chini. Alinong'ona. "Umemkaribisha nani?"

Nikageuka.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Gauni lile lile. Pete ile ile. Mikono imelowa, kama mtu aliyetoka kuosha vyombo. Miguu mitupu.

"Unaongea na nani?" akaniuliza polepole.

Bolti ikanidondoka mdomoni, ikabingirika chini ya boti. Nikasikia kiganja kikiidaka.

"Asikufikie," ikanong'ona sauti ya chini. "Mama alitukataza... usimkaribishe mtu ambaye hujamwona uso."

"Usimsikilize," akanong'ona wa mlangoni. "Tangu urudi mimi nilikuwa jikoni."

Niliogopa, sikatai. Lakini zaidi nilikasirika. Miezi yote ile hakuna kitu katika nyumba hii kilichokubali kukaa sawa, na sasa hata mke! Nikauliza:

"Siku niliyokuposa nilikuungamia nini?"

"Kwamba hujui kuogelea."

Walijibu wote wawili. Kwa pamoja.

Nikainama kuchungulia, chini ya boti palikuwa giza tupu. Ilibaki njia moja, kuinua boti nione. Nikashika ukingo, nikavuta mpaka mgongo ukalia. Ikainuka upana wa kiganja tu. Kwenye ule upenyo nikaona vidole. Vyake. Na pete yake. Vikajinyoosha kunitafuta.

"Nitoe, mume wangu. Nitoe..."

"Ukiushika mkono huo, hautakuachia," akasema wa mlangoni.

Mikono ikachoka. Boti ikarudi chini.

"Njoo unishikie upande ule," nikamwambia wa mlangoni.

Mpaka leo sielewi kwa nini. Nilihitaji mtu wa kunishikia, basi. Akaja bila kusita, nyayo zake zikiacha majimaji sakafuni. Akashika ukingo, na boti ikainuka kirahisi, kama sinia tupu.

Chini hapakuwa na mtu.

Palikuwa na spana, bado ina joto la kiganja. Na zile nati zilizokuwa zikiteleza zote zilikuwa zimekazwa barabara.

"Umeona?" akasema mke wangu. Akavaa ndala zilizokuwa pembeni. Zilimtosha.

Nikaamini, maana nilitaka kuamini. Boti sikuigusa tena. Siku zilizofuata alikuwa mpole kuliko nilivyowahi kumjua. Halalamikii sebule, hapigi tena hodi ya kejeli. Nikifoka, anatabasamu. Nikivunja sahani, anatabasamu. Nikaanza kumchokoza kwa makusudi. Nikaacha msasa kitandani, nikapita na viatu vyenye gundi kwenye zulia lake, ili aniite mjinga, hata mara moja. Hakuniita. Sijawahi kukereka hivyo maishani mwangu. Usiku namtazama alivyolala, natamani kumwamsha tugombane kidogo, nijue ni yeye.

Jumapili shemeji akaja kututembelea. Dada na mdogo wake wakakaa jikoni, wakala, wakasengenya majirani, wakacheka mpaka nikawasikia kutoka chumbani. Nikajiambia, mwanamume, acha ujinga. Dada mtu asingekosa kujua. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile, moyo ukatulia.

Jua lilipokuchwa nikamsindikiza shemeji hadi getini. Tulipofika alinishika mkono. Akaleta mdomo karibu na sikio langu.

"Shemeji," akanong'ona, "mdogo wangu yuko wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nyuma yetu, mlangoni, mke wangu alikuwa amesimama, anatabasamu, anasubiri kusikia nitasema nini.