Kishikizo cha Nguzo ya Osiri

Kishikizo kilikuwa na joto kabla mashine haijawashwa. Kerosi alikiweka chini, akapangusa mkono kwenye ovaroli, akakishika tena. Lilikuwa joto la kiganja cha mtu.

Siku hiyo, kwenye karakana ya Ahmednur mjini Migori, alikuwa akichonga kingo za miguu ya visanduku, vipande vifupi kuliko kidole gumba. Rauta, mashine ya kuchonga kingo, ilifungwa chini ya meza, kisu chake kikatokeza juu. Kipande kidogo namna hiyo hakishikwi kwa mkono. Kisu hukirusha na vidole hukifuata. Fundi hukibana ndani ya kishikizo, ubao mnene wenye mpini, akasukuma mikono ikiwa mbali. Kerosi hakuwahi kukiuka hilo, ndiyo maana alikuwa bado na vidole vyote.

Kosa lilikuwa la mbao. Kishikizo cha zamani kilipasuka, naye akachonga kingine kutoka nguzo alizoleta Ahmednur kutoka Osiri, zilizotegemeza paa la shimo la dhahabu. Shimo likishaporomoka, wachimbaji wa huko hawazigusi nguzo zilizobaki wima. Ahmednur, ambaye kitu cha bure hakiulizi kilikotoka, alizing'oa zote.

"Baba Kemuma," Nyakerario, mke wa Kerosi, alinong'ona huku akipaka vanishi, "hapa kunanuka udongo wa chini."

"Ni vanishi hiyo."

"Vanishi naijua."

Kerosi aliwasha rauta. Kipande cha kwanza kilipita laini ajabu. Cha pili kilijipitisha chenyewe, yeye akifuata tu. Hapo aliogopa, akataka kuachia, na vidole vikakataa.

"Mama Kemuma, zima stima. Hii kitu inanivuta."

Nyakerario aliichomoa plagi ukutani, akasimama nayo mkononi, na kisu kikaendelea kuzunguka, kikilia kwa sauti nzito iliyotoka chini ya sakafu, huku kishikizo kikimburuta mumewe inchi kwa inchi, viatu vyake vikiteleza juu ya takataka za randa, mpaka upepo wa kisu ukaanza kupeperusha vinyweleo vya kidole chake gumba. Kisha kisu kikasimama ghafla, kana kwamba kilitaka aone vizuri kwanza. Mkono ulibaki umekwama.

Ahmednur alikimbia kumleta Sheikh Abdihakim. Kerosi ni Msabato, na siku nyingine angebisha. Siku hiyo aliomba asomewe dua haraka.

Sheikh alisoma mpaka jasho likamlowesha kanzu. Halafu akakiinamia kishikizo, akauliza polepole, "Unataka nini kwa huyu?"

Mti ukajibu, kwa sauti ya mtu mwenye mchanga kooni.

"Wachimbaji walinifunga kwenye nguzo nishike paa. Nimeshika, nimeshika, mpaka likawaangukia. Nimechoka kushika vitu. Sasa nataka kushika mtu."

Sheikh alisoma kwa nguvu zaidi. Vidole vya Kerosi vikafunguka kimoja kimoja, vikiwa vyeupe. Kishikizo kilichomwa uani pamoja na nguzo zote, na Ahmednur, kwa mara ya kwanza, hakulalamikia hasara. Kerosi alivitazama vidole vyake kumi, akalia bila aibu.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Nyakerario akawasha kuni, akabandika sufuria, akaanza kusonga ugali. Moyo wake ulikuwa mwepesi, hata aliposhikwa kifundo cha mkono alitabasamu.

"Niachilie kwanza, Baba Kemuma. Ugali utaungua."

"Nikuachilie nini?"

Sauti ilitoka mlangoni. Kerosi alikuwa ameketi kwenye kizingiti, amekumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Nyakerario akautazama mkono wake. Ngozi ilikuwa imebonyea pande zote, alama za vidole virefu ambavyo havikuonekana. Mwiko ukamponyoka. Kisha mkono ukaanza kwenda, taratibu, kuelekea motoni.