Boga la Anastasia

Siku Gelasius alipomkanyaga Anastasia mguu katika kituo cha Kipling, baridi ya Toronto ilikuwa imefikia pale ambapo ukitema mate yanagonga chini kama kokoto. Watu walikuwa wamesongamana wakisubiri basi la Rexdale, kila mmoja amejifunga kama kifurushi cha posta.

"Umenikanyaga," alisema dada mmoja wa koti jeusi, mtandio wa maua na buti nyekundu.

"Samahani, dada. Sijausikia mguu wangu tangu asubuhi. Nilidhani nimekanyaga wa kwangu."

Yule dada akacheka. Akasema anaitwa Anastasia, anatoka Ukraine, anakwenda kufundisha watoto piano.

"Usinitanie. Anastasia ni shangazi yangu wa Bukoba, tena yeye ana masharubu."

"Nipe muda," alijibu Anastasia.

Wakapanda basi pamoja, Gelasius akapitiliza kituo chake makusudi.

Kabla mwaka haujaisha, Anastasia alishajua kumwita mpenzi na kumgombeza akizidisha sukari. Oktoba ya 2013 Gelasius akaona wakati umefika wa kujitambulisha kwa mama yake Anastasia, kwenye nyumba yao ya kupanga Parkdale. Kwa Wahaya huendi ukweni ukipunga mikono mitupu, na mwezi ule maduka yalikuwa yamerundika maboga hadi nje. Akachagua kubwa kuliko yote, kubwa mpaka dereva wa basi, kwa kiapo chake Gelasius, alilidai nauli.

Mama mtu alipofungua mlango na kuliona, akashika kifua. Anastasia alicheka hadi akakaa sakafuni.

"Gelasi, kwetu mchumba akikataliwa, msichana humpa boga. Analibeba hadi kwake, kijiji kizima kinajua. Wewe umejiletea la kwako mwenyewe?"

"Basi lipikwe haraka, ushahidi upotee."

"Halipikwi. Nitaliweka dirishani. Likiwa kwangu, wewe ni wangu."

Majira yale ya baridi Kyiv ikawaka. Watu walijaa uwanjani kumpinga rais wao, aliyeuacha mkataba na Ulaya akageukia Moscow. Huku Toronto nako Waukraine walisimama mbele ya ubalozi wao mdogo na bendera na mishumaa, Anastasia akiwa miongoni mwao. Nyumbani hakukukalika. Baba yake, aliyebaki Donetsk kule mashariki, alimwambia kwa simu kwamba wale ni wahuni. Mama yake, mzaliwa wa Lviv ya magharibi, alimpokonya simu ili amjibu mumewe mwenyewe.

Jumapili moja Anastasia akampigia Gelasius. Nyuma yake watu walikuwa wakiimba.

"Mpenzi, njoo usimame nami. Vidole vimekufa ganzi."

Gelasius alikuwa kitandani, ametoka zamu ya kupakia mizigo kule Malton, mgongo unamuuma.

"Nastia, si mgawane tu hiyo nchi? Wanaoongea Kirusi wachukue upande wao, wengine wao. Yaishe, watu tulale."

"Baba Donetsk, mama Lviv," alisema Anastasia taratibu. "Mimi utanikata wapi?"

"Kiunoni. Mimi nachukua upande wenye buti."

Akacheka, akidhani wanataniana kama siku zote. Simu ikakatika.

Gelasius akasubiri apigiwe. Aliyekata simu ndiye apige, alijiambia. Televisheni ikaonyesha majeneza yakipitishwa juu ya vichwa vya watu pale uwanjani. Akaishika simu, akairudisha mezani. Crimea ikatwaliwa na Urusi. Donetsk watu wakavamia majengo ya serikali. Bado hakupiga.

Aprili simu ikalia. Anastasia yuko uwanja wa ndege. Gelasius alitoka ghalani mbio, kizibao cha kazi cha manjano bado kifuani. Akamkuta amesimama na buti zake nyekundu, sanduku pembeni, boga mikononi kama mtoto mchanga. Lilikuwa limeanza kunyauka kidogo karibu na kikonyo.

"Baba anaumwa, yuko peke yake. Naenda kukaa naye."

"Nisamehe, Nastia. Nilikuwa natania."

"Hukutania. Ulikuwa umechoka, ukaona ni jambo rahisi. Kisha tukazika watu, wewe kimya."

"Nitakusubiri."

"Ndiyo maana nimelileta."

Akampakatisha lile boga, akambusu shavuni, akaenda. Hakugeuka.

Ndani ya basi la Rexdale Gelasius alikaa nalo mapajani.

"Kaka, sikukuu ya maboga ilipita Oktoba," kijana mmoja alimtania, na watu wakacheka.

Bibi mmoja wa kilemba cha maua hakucheka. Aliliangalia boga, akamwangalia Gelasius usoni, kisha akahama kiti chake akaja kukaa kando yake.

"Pole, mwanangu," alisema kwa lafudhi ile ile ya Anastasia. "Msichana wa kwetu mashariki au wa magharibi?"

Gelasius akalikumbatia boga.

"Wa kote, mama."

Bibi akamshika mkono. Kituo cha Gelasius kikafika, kikapita.